Suala la Ndugu wa Ndera: Je, Mola Aletaye Gharika ni Mwema?

Twamhimidi Mwenyezi Mungu aliyeumba mbingu na ardhi na mito ipitayo juu yake, na twamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.



Limefika katika darasa letu suala kutoka Ndera, nchi ya Wapokomo iliyoko kandokando ya mto Tana, baina ya Hola na Garsen. Aliyeliuliza ni mtu mzima, mwenye kuswali na kufunga, mkulima wa mpunga na ndizi. Jina lake hatulitaji, kwani suala lake ni la wengi, ila yeye amekuwa na ujasiri wa kulisema. Maneno yake ni haya:

"Katika mafuriko ya mwaka 2024 maji yalimchukua mjukuu wangu. Mtu mmoja aliyetoka mjini alikuja kunipa pole, akaniambia kuwa hii ni adhabu ya Mungu kwa ngoma tuzipigazo katika harusi. Mzee mmoja wa kwetu naye akaniambia kuwa mto una wenyewe, na tangu tulipoacha kuwapa haki yao hawaturehemu. Nikakaa nikafikiri. Huyu wa kwanza asema Mungu amemuua mtoto kwa ngoma asizozipiga. Huyu wa pili asema wenyewe wa mto wamemuua kwa mbuzi asiyechinjwa. Tofauti yao ni nini? Na ikiwa Mwenyezi Mungu huingia katika mambo yetu, akamwokoa huyu na kumwacha yule, vipi tutamwita Mwema?"

JAWABU

Kwanza twamwambia ndugu yetu: Mwenyezi Mungu autie moyo wako subira, na usidhani kuwa umekufuru kwa kuuliza. Malaika waliuliza, pale walipoambiwa kuwa ardhini patawekwa khalifa, vipi atawekwa humo mwenye kufanya uharibifu na kumwaga damu; wala hawakufukuzwa, bali walijibiwa. Nabii Ibrahim naye aliomba aonyeshwe namna wafu wafufuliwavyo ili moyo wake utulie, akaonyeshwa. Dini iogopayo masuala ni ile isiyojuliwa na wenyewe. Lakini mwenye kuuliza naye hana budi angoje jawabu hata mwisho, kwani katika jambo kama hili nusu ya jawabu hudhuru kuliko kunyamaza.

Wenyewe wa mto

Tuanze na kauli ya yule mzee. Wala asimcheke mtu wa Mombasa, wala wa Malindi, wala wa Lamu, akadhani kuwa hiyo ni imani ya watu wa mtoni tu. Ni nani katika sisi asiyejua chano kipelekwacho pangoni au chini ya mbuyu, pamoja na ubani na marashi? Ni nani asiyejua ngoma za kupungia pepo, ambapo pepo huulizwa ataka nini, naye kwa kinywa cha mgonjwa akataja nguo na pete na mbuzi wa rangi kadha? Na ng'ombe azungushwaye mji mzima kabla ya kuchinjwa, ni wangapi wamfuatao kwa nia ya kulisha maskini, na ni wangapi waaminio kuwa balaa yatoka pamoja na damu yake? Mwenye kuchinja kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na kuwagawia wenye njaa ametoa sadaka, na sadaka ni kheri tupu. Lakini mwenye kuamini kuwa damu ile imemshibisha asiyeonekana, na kuwa kwa kushiba kwake ameuwacha mji salama, huyo yumo katika biashara nyingine kabisa.

Natuitazame biashara hiyo kwa akili aliyotupa Mola wetu. Huyo mwenyewe wa mto, ama aweza kuyazuia maji ama hawezi. Akiwa hawezi, mbuzi ameliwa bure. Akiwa hupata uwezo kwa kile alishwacho, basi yeye ni mhitaji kuliko sisi, na mhitaji haabudiwi. Na akiwa aweza, naye hayazuii mpaka apewe mbuzi, tumwite nani? Lau mwenye mtumbwi kivukoni angemwona mtoto akizama, na kamba imo mkononi mwake, akamwambia mzazi: "Lete mbuzi kwanza," watu wote wa Ndera wangemwita muovu, wala wasingemwamkia tena. Vipi basi tendo lililo uovu kwa mwanadamu liwe ni enzi kwa mzimu? Mwenye kuuza rehema si mwema, hata akiiuza kwa bei nafuu.

Wala haya si ya kwetu peke yetu. Wayunani wa kale walikuwa na miungu wengi, na mshairi wao Homer aliwasimulia kuwa katika vita vya Troy baadhi yao walisimama upande huu na baadhi upande ule, wakioneana wivu na kuhadaana, na wanadamu wakifa kwa ugomvi wa walio juu. Mwanafalsafa Plato, wala hakuwa mtu wa Kitabu, alilionea aibu jambo hili. Akashika kuwa Mungu hawi ila mwema, na kuwa hahongeki kwa vichinjwa. Akili iliyosalimika hufika hapo hata kabla ya kusikia adhana.

Yasimuliwa pia katika vitabu vya tarehe kuwa Amr bin al-As alipoifungua Misri, watu wa huko walimwambia kuwa mto Nili haujai mpaka kila mwaka atupwe humo msichana aliyepambwa. Akakataa, akawaambia kuwa Uislamu umekuja kuyaondoa mambo hayo. Maji yakapungua hata watu wakakusudia kuhama. Akamwandikia Sayyidna Umar, naye akamletea barua ya kuitupa mtoni, ambamo aliuambia mto kuwa ikiwa wapita kwa amri yake wenyewe na usipite, na ikiwa Mwenyezi Mungu ndiye aupitishaye basi Yeye ndiye aombwaye aupitishe. Isnadi ya kisa hiki ni dhaifu, kwani imepitia kwa Ibn Lahi'a na juu yake yumo mtu asiyetajwa jina, nasi hatukijengei hukumu. Lakini maana yake ina dalili nyingi katika Kitabu na Sunna: mto ni mtumwa aliyeamrishwa, hauna wenyewe, una Mwenyewe mmoja.

Amsemeaye Mungu asiyoyajua

Sasa twamgeukia yule mtu wa mjini. Huenda yeye akafurahi kusoma tuliyoyasema juu ya mizimu, akadhani kuwa twamwunga mkono. La. Mzee amemsingizia mzimu, na yeye amemsingizia Mola wa viumbe vyote. Katika Suratul-A'raf Mwenyezi Mungu ameyahesabu mambo aliyoyaharimisha, akautaja ushirikina, na baada yake akataja kumsemea Yeye yale ambayo watu hawayajui. Ibnul-Qayyim, aliyekufa mwaka 751 Hijra, ameeleza kuwa mpango wa aya hiyo wapanda kutoka kwa lililo jepesi hata kwa lililo zito. Basi na atazame msemaji ni ngazi gani aliyoipanda siku ile alipokwenda kutoa pole.

Ni nani aliyempa khabari kuwa maji yale yaliletwa kwa ajili ya ngoma? Ngoma hupigwa Mombasa kila wiki, na bahari haijapanda Makadara. Na mtoto yule kalamu ilikuwa haijaanza kumwandikia. Hana dhambi ya kuadhibiwa kwayo. Mwenyezi Mungu ametufundisha mahali pengi katika Kitabu chake kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Na Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amemhesabu aliyekufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi. Basi Mtume asema shahidi, na mtu wa mjini asema aliyeadhibiwa. Ndugu yetu wa Ndera, chagua mwenyewe ni nani wa kumsadiki.

Na kuna kisa kimoja kitoshacho kumnyamazisha kila mwenye kuzisoma mbingu kama barua aliyoandikiwa yeye. Mwaka wa 10 Hijra alikufa Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume (s.a.w.), na siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema kuwa jua limepatwa kwa kifo chake. Lau Mtume angekuwa mtu wa kutafuta utukufu, neno lile lingemfaa sana. Hata kunyamaza kungetosha. Lakini alisimama, naye yumo katika msiba, akawafahamisha watu kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Hakukubali mbingu zimlilie mwanawe. Je, sisi tutakubali vipi kuwa mto umefurika kwa harusi ya fulani?

Atasema msemaji: "Mbona Qur'ani imetaja gharika ya watu wa Nuhu, na upepo wa watu wa Adi, na kuzama kwa Firauni?" Twasema: kweli imetaja, nasi twaamini. Lakini tulijua vipi kuwa hizo zilikuwa adhabu? Tulijua kwa wahyi. Tena kila kaumu ilikuwa na mtume aliyeiambia wazi, kwa miaka mingi, ni nini kosa lake na ni nini kitakachoifika. Nabii Nuhu alikaa na watu wake miaka elfu kasoro khamsini. Na wahyi umekatika kwa kufa kwa Muhammad (s.a.w.). Baada yake hapana mwenye daftari ya kujua kuwa maji haya ni adhabu na yale ni mtihani na yale mengine ni rehema. Kila mtu na ajihesabu nafsi yake msiba umpatapo yeye. Hilo ni jambo jema. Kumhesabia jirani ni jambo jingine.

Mkulima na mchungaji

Liko na neno zito zaidi, ambalo watu wa mto Tana walijua kuliko sisi tulioko mijini. Mkulima wa Kipokomo ataka mto upande kwa kiasi, maji yaingie mashambani, yaache tope lenye rutuba, apande mpunga. Mchungaji wa Kiorma, wakati wa kiangazi, ataka ng'ombe wake wafike mtoni wanywe na wapate malisho. Waorma ni Waislamu, na miongoni mwa Wapokomo wamo Waislamu wengi. Wote wawili huelekea kibla kimoja, na kila mmoja aomba riziki itokayo katika ardhi ile ile na maji yale yale.

Basi lau Mwenyezi Mungu angekuwa kama miungu wa Homer, akiingia kumpendelea huyu na kumdhulumu yule, angekuwa kadhi mla rushwa; na pale ambapo Mungu amefanywa wa kabila, wanadamu hawakawii kuchukua mapanga na bunduki kwa jina lake au kwa kumsahau. Mwaka 2012 na mwanzo wa mwaka 2013, katika nchi ya Garsen na delta ya Tana, watu zaidi ya 100 waliuawa katika mapigano ya Wapokomo na Waorma, wakiwamo wanawake na watoto, na majumba yakachomwa moto. Maji yale hayakumwua mtu siku zile. Waliouana ni majirani.

Mola wetu ametakasika na upendeleo huo. Ametupasha, katika hadithi qudsi aliyoipokea Muslim, kuwa amejiharimishia dhulma nafsi yake na akaifanya haramu baina yetu. Tazama namna mambo mawili haya yalivyofungwa pamoja: hadhulumu, na hataki tudhulumiane. Mzimu humwambia mtu alete mbuzi, wala haumwulizi juu ya mpaka wa shamba la jirani yake. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza uliyoiuliza, ewe ndugu yetu.

Mkono wa mwanadamu

Kabla ya kufika penye kiini cha suala, yatupasa tuondoe yale ambayo watu humtwika Mwenyezi Mungu ilhali ni kazi ya mikono yao. Katika Suratur-Rum ameeleza kuwa uharibifu hudhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu.

Mto Tana umefurika tangu zamani. Wazee huutaja mwaka 1961. Walio vijana wakati ule huutaja mwaka 1997 na 1998, mvua za El Nino. Kisha mwaka 2018, na mwisho wa 2023, na masika ya 2024. Bila ya kufurika huko kusingekuwa na Ndera: tope la mto ndilo shamba, na msitu wa kando yake, wenye kima wasiopatikana popote duniani ila hapo, wanyweshwa nalo. Baina ya mwaka 1968 na 1988 yalijengwa juu ya mto huu mabwawa matano ya umeme: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Tangu hapo maji hayaji kwa ada ile ya zamani. Mwaka mwingine hayaji ya kutosha na shamba lakauka. Na mvua zikizidi huko juu na mabwawa yakajaa hata yakamwaga, maji huja kwa wingi na kwa ghafla. Kisha ukaja ukame: tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, mifugo ikafa kwa maelfu, na mara baada ya ukame ukaja mwaka wa maji. Katika mafuriko ya 2024 walikufa nchini Kenya karibu watu 300. Tarehe 28 Aprili mwaka huo, mahali ambapo maji yalikata barabara baina ya Garissa na Madogo, mashua iliyowavusha watu ilizama. 23 wakaokolewa, na wengine wakafa.

Katika yote haya mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini mashua kujazwa kupita kiasi, na onyo kutofika kijijini kwa lugha ya wanakijiji, na watu kuachwa wajenge njiani mwa maji kwa kuwa hawana pengine pa kujenga, hayo yana wenyewe, nao watajibu. Msimbebeshe Mola dhamana ya kila aliyezembea. Mara nyingi neno "kudra" hutamkwa na mtu ambaye angepaswa kutamka "samahani".

Je, Mwenyezi Mungu ni Mwema?

Yaliyobaki ndiyo magumu, wala hatutayakimbia. Tukiisha kuitoa mizimu, na adhabu za kubuni, na makosa ya wanadamu, bado yabaki maji, na mtoto, na Mola aliye muweza wa kila kitu.

Wako waliosema: heri Mungu asiyeingia kabisa. Mwanafalsafa Epicurus wa Yunani aliona kuwa miungu wakaa katika raha yao wala hawashughuliki na wanadamu. Na wako wanafalsafa katika umma wetu waliodai kuwa Mwenyezi Mungu azijua jumla tu, wala hamjui Zaidi na Amri mmoja mmoja. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 Hijra, akawajibu. Nasi twauliza kwa lugha ya mtoni: mzazi asiyejua jina la mwanawe, wala kuwa amezama, ni mwema kuliko yule tumlalamikiaye? Kumwondolea Mungu lawama kwa kumwondolea habari si kumtukuza.

Tena neno "kuingia" lina kosa ndani yake. Aingiaye ni yule aliyekuwa nje. Mzimu huingia na kutoka, huja kwa ngoma na kuondoka kwa chano. Mwenyezi Mungu hakuwa nje kamwe. Punje ya mpunga ichipuapo topeni ni kwa kuisimamia Kwake, na pumzi ya mtoto yule kila siku aliyoishi ilikuwa ni kwa kuisimamia Kwake. Mwenye kufungua hesabu siku ya gharika tu, akazifunga siku elfu zilizotangulia, hakufanya uadilifu wa hesabu.

Lakini twajua kuwa neno hili, ijapokuwa ni la haki, halimfuti machozi babu aliyefiwa. Wala hatudai kuwa kila msiba twaweza kuufungua tukaonyesha faida iliyo ndani yake. Waliojaribu walikwama. Yasimuliwa kuwa Abul-Hasan al-Ash'ari alimwuliza mwalimu wake al-Jubba'i, aliyeshika kuwa Mungu hana budi kumtendea kila mtu lililo bora kwake, juu ya ndugu watatu: mmoja alikufa mzee naye ni mtiifu, wa pili alikufa mzee naye ni kafiri, wa tatu alikufa mtoto. Mtoto akisema: "Ungenibakisha nikutii," atajibiwa kuwa angebakia angeasi, basi kufa kwake udogoni ndiko kuliko bora. Hapo atapiga kelele yule kafiri: "Nami mbona hukunifisha mdogo?" Mwalimu hakuwa na jawabu. Funzo lililomo si kuwa wema wa Mungu ni uwongo. Funzo ni kuwa mizani yetu ya dukani haipimi bahari.

Katika Suratul-Kahf tumesimuliwa safari ya Nabii Musa na yule mja aliyefundishwa elimu kutoka kwa Mola. Aliitoboa mashua ya maskini waliowavusha, na Musa akakasirika. Kumbe mbele yao alikuwako mfalme anyakuaye kila mashua nzima. Akamwua kijana, na Musa akakasirika zaidi. Zingatieni mambo mawili. La kwanza, Musa ni mtume aliyesemeshwa na Mwenyezi Mungu, na hata yeye hakuweza kusubiri. Basi ndugu yetu wa Ndera asione haya kwa kushindwa na subira usiku mmoja. La pili, ujuzi ule wa ndani hatukupewa sisi. Hana ruhusa mtu yeyote, awe sheikh au mganga, kutoboa mashua ya mtu kwa kudai kuwa ajua yaliyo mbele, wala kusimama juu ya kaburi la mtoto akasema ajua kwa nini. Kisa kile chatufunza kuwa sababu iko. Hakikutufanya sisi kuwa wenye kuijua.

Basi twaujua vipi wema Wake? Twaujua kwa yale aliyotuamrisha na kwa Mtume aliyetuletea. Mtume (s.a.w.) alimpakata mwanawe Ibrahim naye yuko katika kukata roho, akalia hata sahaba wakastaajabu, akawafahamisha kuwa jicho hutoka machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila limridhishalo Mola. Hakumtukana Mola kwa huzuni yake, na hakuificha huzuni kwa ajili ya Mola. Na amewabashiria wazazi waliofiwa na watoto wadogo wakasubiri kuwa watoto wale watakuwa sababu ya wao kuingia Peponi. Mola ambaye siku ya mwisho atamrudisha mtoto mkononi mwa mzazi wake hahukumiwi kwa ukurasa mmoja tu uliosomwa kivukoni. Haya ni matumaini ya mwenye kuamini; asiyeamini akhera hatuna la kumdanganya nalo, na hesabu yake ya dunia itabaki na deni.

Bukhari amepokea kutoka kwa Anas kuwa mtu mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (s.a.w.) akikhutubu, akamshitakia ukame na kufa kwa mifugo. Mtume akaomba, mvua ikanyesha wiki nzima. Ijumaa ya pili akaingia mtu akishitaki kuwa mali yaangamia na njia zimekatika. Mtume akaomba mvua ielekee vilimani na mabondeni na miotapo miti, isiwe juu ya watu. Hakuuliza ni nani aliyekosa. Hakudai mbuzi. Aliomba, na katika ombi lake akaonyesha mahali ambapo maji ni rehema na mahali ambapo ni madhara. Hivyo ndivyo Muislamu aombavyo, naye ajua kuwa aombwaye asikia, akitoa alichoombwa, au akiondosha shari mfano wake, au akimwekea mwombaji akiba ya akhera.

Yatupasayo

Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia khabari za tauni, alirudi na watu. Abu Ubayda akamwuliza kama aikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kuwa aikimbia kudra ya Mungu kwenda katika kudra ya Mungu, kama mwenye ngamia achaguaye bonde lenye majani akaliacha kavu. Basi ndugu wa Ndera, mkiambiwa kuwa mabwawa yamejaa, pandeni palipoinuka, watoto na wagonjwa kwanza. Mwenye kupanda hakuipungukia imani yake, na mwenye kukaa majini kwa kusema "liandikwalo huwa" hakuzidi imani.

Wenye amri wafikishiwe neno, kwa barua na kwa ulimi, kuwa onyo la maji ni haki ya raia wa mtoni wala si hisani.

Nanyi ndugu wa mijini, ambao maembe na ndizi za mtoni ziko sokoni kwenu: siku ya msiba pelekeni turubai, dawa, unga na mbegu za kupandia maji yakipwa, na muwagawie Mpokomo na Mworma bila ya kuuliza. Hiyo zaka mnayoizungushia nyumba zenu ina wenyewe huko. Na atakayekwenda kutoa pole, asipokuwa na neno jema, na akae kimya, amshike mfiwa mkono.

Ama wewe ndugu yetu uliyeuliza, tofauti uliyoitafuta ni hii. Mzimu wa mto hutaka uuogope na uulishe. Mungu wa yule mtu wa mjini ataka umchukie jirani yako. Mwenyezi Mungu aliyeteremsha Kitabu amekuamrisha ulie, uswali, upande palipoinuka, na umtupie kamba azamaye hata akiwa wa kabila jingine. Muamrishaji wa haya hawi ila Mwema, hata pale ambapo kazi Yake yatushinda kuifahamu.

Ewe Mola, warehemu waliozama, wajaalie mashahidi. Wape wazee wao subira. Jaalia mvua zetu ziwe za manufaa, juu ya vilima na mabonde na miti. Na utie mapenzi baina ya mkulima na mchungaji. Amin.